Herufi Moja Iliyopotea

Kila Jumatatu, Kanyiva wa Kalamba hutembelea nyumba zenye watoto wachanga. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Orodha ya watoto wanaosubiri chanjo iko kwenye programu mpya katika simu yake. Jumatatu hii aliifungua akakuta orodha tupu. Majina thelathini na manne yalikuwa yametoweka.

Nyamai, mwenyekiti wa kamati ya afya, alipopata habari alisema Kanyiva aombe msamaha kikaoni Ijumaa. Akikataa, mwingine atapewa simu hiyo.

"Rudi kwa daftari, mama," alimcheka. "Simu ina wenyewe."

Kanyiva alikwenda kwa jirani yake Mbithe, fundi wa kompyuta pale Tawa. Alimwambia kwamba asubuhi hiyo alifanya jinsi maelezo ya programu yalivyosema, akidhani majina yangerudi yenyewe. Mbithe aliyasoma, akaweka kidole kwenye kioo.

"Soma hapa polepole."

"Kabla ya kutoka nyumbani, futa orodha."

"Walitaka kusema fuata. Wameacha herufi a moja."

Kanyiva alichukua simu. Kyule, mhudumu wa Kanyangi, alikuwa aanze kutumia programu hiyo kesho yake asubuhi. Kanyiva alimpigia mara mbili, Kyule hakupokea. Mara ya tatu alipokea, Kanyiva akamwambia asiguse kitu.

Mbithe alieleza kwamba programu hiyo ni huria. Huandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kupendekeza sahihisho. Kanyiva alitaka kuanza kwa kuwagombeza.

"Ukiwagombeza, neno litabaki vilevile. Wape neno lililopo, neno sahihi na sababu."

Wakabonyeza "hariri". Kanyiva akaongeza a. Kwenye sababu akaandika: "Futa ni kuondoa. Fuata ni kwenda kwa mpangilio wake. Nimepoteza watoto 34."

"Majina ya watoto," Mbithe alisema. "Ukiacha hivyo utaitiwa polisi."

Akarekebisha, wakatuma. Jumatano jibu lilikuja: sahihisho limekubaliwa, asante. Kyule akaanza kazi siku hiyo, na orodha yake haikupotea. Kanyiva naye alizunguka nyumba kwa nyumba akinakili kadi za kliniki za watoto hadi majina yote yakarudi.

Ijumaa, Nyamai alisoma maelezo ya programu yaliyosahihishwa mbele ya kikao. Akakohoa.

"Sawa. Lakini omba msamaha kidogo tu, tufunge kikao."

Kanyiva alisimama, simu mkononi.

"Mzee, nilifanya kilichoandikwa. Kilikuwa na kosa, nimelisahihisha. Siombi msamaha."