Sweta Nene la Mama

Kila asubuhi ya doria, Kasuku alimsaidia mama yake kufunga mfuko. Jina hilo la utani alipewa na baba, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa nahodha wa boti ya walinzi wa pwani, wale wanaowasaka wasafirishaji wa dawa za kulevya baharini, na kamwe hakusema anakokwenda. Lakini Kasuku alikuwa na macho. Sweta nene likiingia mfukoni, mama anaelekea kaskazini kwenye upepo. Ikiingia kofia pana, ni kusini kwenye jua kali.

Jumatatu hiyo liliingia sweta. Akienda shule, Kasuku alipita kwa fundi wa injini za boti, jirani mwenye maneno matamu aliyezoea kumwita Kepteni. Fundi alimuuliza kama mama yupo. Kasuku, akitaka aonekane anajua mambo, alimwaga yote, mpaka habari ya sweta.

Alasiri, akirudi nyumbani, alimsikia fundi akiongea kwa simu nyuma ya karakana.

"Kaskazini hapafai. Piteni kusini, kesho asubuhi. Mzigo ufunikeni kwa barafu."

Kasuku alitambua kuwa fundi anawaonya wasafirishaji. Akinyamaza, hakuna atakayejua kosa lake, lakini wahalifu watapita. Akisema, huenda mama asimwamini tena. Alifika nyumbani akaizunguka cherehani ya baba mara tatu bila kutoa neno, na kwa Kasuku huo ulikuwa ugonjwa.

"Baba, nimeharibu kazi ya mama," alisema mwishowe, kisha akaeleza kila kitu, hata alivyofurahia kuitwa Kepteni.

Baba hakumgombeza. Aliiacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, akamshika mkono hadi ofisi ya walinzi wa pwani. Afisa wa zamu alimtaka arudie maneno ya fundi, akayaandika, kisha akainua redio.

Kesho yake boti ya mama ilikuwa kusini. Waliisimamisha boti ya samaki, wakafukua barafu na kukuta pakiti themanini za dawa za kulevya. Fundi naye alikamatwa karakanani, mikono ingali na grisi.

Mama aliporudi, Kasuku alikuwa mlangoni, kichwa chini, akaomba msamaha.

"Ungeweza kuniponza mimi na wenzangu," mama alisema. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulipojikwaa hukujificha, ulisema kweli mapema, wakati bado inasaidia. Mtu wa namna hiyo namwamini, mwanangu. Sasa siri ya kazi yangu ni yako pia. Itunze."

Doria iliyofuata, Kasuku alitia mfukoni sweta na kofia, vyote viwili. Njiani muuza nyanya alimuuliza mama kaenda wapi safari hii.

"Kazini," alijibu.

Muuza nyanya akangoja yaliyobaki. Alingoja mpaka Kasuku akaingia langoni mwa shule.