Nilimfuta Kaka Yangu Nikambakisha Babu

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa kijiji cha Tezo. Nawaandikia, wasomaji wenzangu, kwa sababu kuna jina ambalo nikilisikia likiitwa, hata sokoni, mwili wangu hufa ganzi... Ni jina la kaka yangu, Kahindi Ngala.

Niliajiriwa kutunza kompyuta za zahanati moja mjini Kilifi. Rekodi zote za wagonjwa zilikuwa humo: majina, vijiji, magonjwa, na dawa zinazowadhuru. Wagonjwa walipoongezeka, kutafuta jina moja kukawa kazi, maana kompyuta ilisoma orodha yote kuanzia mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Foleni ikafika nje juani. Kina mama wakaanza kuninunia.

Dawa ya uchelewaji huo niliijua, nilifundishwa chuoni. Ningetengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, kompyuta iende moja kwa moja kwenye jina linalotakiwa. Lakini mimi nikaona tatizo ni wingi wa majina! Wengi walikuwa wamepoteza kadi wakaandikishwa upya, basi nikaamua kuwafuta waliojirudia.

Programu yangu ililinganisha kila mtu na kila mtu mwingine: jina, kijiji, simu, mwaka wa kuzaliwa. Asubuhi nzima ikapita, haijafika hata robo. Nikakosa subira. Nikaondoa simu na mwaka, nikaacha jina na kijiji tu. Faili ya zamani ibaki, mpya ifutwe. Wala sikuweka nakala... Kabla ya jioni kazi ilikuwa imekwisha, na daktari akanisifu mbele ya wenzangu. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Mimi Mgiriama niliwezaje kusahau? Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Babu alikuwa Kahindi Ngala, baba ni Ngala Kahindi, kaka akawa Kahindi Ngala tena. Baba alikuwa akimwita mwanawe "baba". Babu alitibiwa palepale kabla hajafariki, na hakuna aliyepeleka habari za kifo chake. Mwaka wake wa kuzaliwa uliachwa wazi, kama wa wazee wengi. Jina moja, kijiji kimoja. Kompyuta ikambakisha marehemu, ikamfuta aliye hai.

Wiki tatu baadaye kaka alijikata mguu kwa jembe. Jeraha likavimba, akapelekwa zahanati akiwa na homa kali. Siku hiyo nilikuwa Malindi. Muuguzi, dada mmoja mpole kutoka bara, alimwuliza kama kuna dawa inayomdhuru.

"Hebu angalia kwenye kompyuta," kaka akamjibu, homa ikimlemea. "Dada yangu ameandika yote."

Akaangalia. Jina lilikuwapo, mwaka wa kuzaliwa haukuwapo, wala hapakuwa na onyo lolote. Akamdunga penisilini, dawa ambayo tangu utotoni ilikuwa ikimbana pumzi. Niliporudi, alikuwa ameshafunikwa shuka...

Lawama zote zilimwangukia muuguzi. Ati hakuuliza vizuri. Akafutwa kazi, akarudi kwao. Na mimi? Nilifungua kompyuta, nikaikuta faili moja tu, ya babu. Nikaifunga, nikanyamaza. Matangani nililia kuliko wote, watu wakanihurumia. Kuna unafiki kuzidi huo?

Nilikonda. Nilipoita mgonjwa yeyote kwa jina, nilihisi kaka yuko kwenye foleni, anangoja aitwe, na jina lake halimo.

Baada ya miezi minne nilishindwa, nikamweleza baba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Mwanangu, tulimpa jina lile ili babu yako asipotee." Akainuka, akaenda shambani. Hadi leo hajanikemea, na hilo linaniumiza zaidi.

Siku iliyofuata nilimpigia simu yule muuguzi. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza jambo moja tu, "Kumbe si mimi niliyemuua?"

Wasomaji wenzangu mnaotunza majina ya watu, nawasihi: kila mtu mpeni namba yake peke yake, wekeni nakala, wala msiharakishe kufuta. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kaka yangu nisingeweza kumrudisha. Lakini yule dada ningeweza kumtua mzigo siku ileile niliyofungua kompyuta, nami nikamwacha aubebe miezi minne.