Jogoo wa Kinyozi Ametaga

Mama Mkaa, jirani yetu anayeuza mkaa pale kona, anaapa kwamba jogoo wa kinyozi alitaga yai. Anasema aliliona kwa macho yake, bado la moto, na jogoo mwenyewe amesimama kando anaona aibu. Anasema nyumba ile ina mkono wa mtu. Ukimpa kiti na maji ya kunywa, ataongeza kwamba yai lilikuwa na viini viwili.

Ndugu zangu, yai lilikuwepo. Kiini kilikuwa kimoja. Hayo mengine ni moshi. Chumba changu kinatazamana na mlango wa kinyozi, ua wetu ni mmoja, na kazi yangu ya kupinda nguo na kushona vifungo naifanyia barazani. Macho yangu yako kwenye sindano, lakini hayakufungwa. Nisikilizeni.

Ua wetu ulikuwa na amani. Asubuhi mke wa kinyozi anafagia, taulo za kazi zinaanikwa, kuku mweusi anazunguka na vifaranga wake. Kinyozi si mlevi, hapigi mtu, na pesa ya chakula huacha. Ubaya wake ulikuwa mmoja: alijiona ana jicho. Mtaani wakamwita Jicho, naye akaitika.

Vifaranga wakifikisha wiki moja, alichuchumaa akawashika mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, akawaning'iniza. Kifaranga akikunja miguu, "Jike." Akiilegeza, "Jogoo." Kisha ananijia: "Dada fundi, nikatie uzi mwekundu." Waliohukumiwa ujogoo walifungwa uzi mguuni. Wasio na uzi walipata pumba na mabaki mazuri, maana ndio wa kutaga. Wenye uzi walidonoa kilichosazwa, wakauzwa wangali wadogo. Hakuna aliyewahi kumkosoa. Angekosolewaje? Hukumu zake ziliuzwa kabla hazijawika.

Sasa ngojeni. Jicho hilo hilo aliliingiza ndani ya nyumba.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alisema mapema, akasoma mabango njiani, baba akamwita Mwalimu. Mdogo alichelewa kusema, na hata aliposema, neno lake lilikuwa moja. Umeshiba? Bado. Umemaliza kufagia nywele? Bado. Umeelewa? Bado. Baba akamwita Kimya.

"Huyu kichwa kizito," alisema mbele ya wateja, mbele ya mtoto mwenyewe. "Nilimwona tangu anatambaa."

Basi Mwalimu akapata viatu, na jioni akasaidiwa hesabu. Kimya akapata ufagio na beseni la taulo. Mkubwa akikosea, amepitiwa tu. Mdogo akikosea, "Si nilisema?"

Ilipobaki nusu mwaka Kimya afikie umri wa darasa la kwanza, kinyozi alitangaza pale uani kwamba mtoto huyu hataandikishwa shule. Ataenda kwa shangazi yake kubeba mtoto mchanga.

"Baba Mwalimu," mkewe alisema, "shule hajaionja. Utajuaje haiwezi?"

"Nimeshamwangalia."

"Mtoto si kifaranga."

"Na kwa vifaranga nimekosea lini?"

Mama aliikamua taulo mpaka haikuwa na tone. Kimya alikuwa hapo hapo, kashika ncha ya pili ya taulo.

Katika vifaranga wa wakati ule alikuwemo mmoja wa kijivu, mwenye uzi. Mguu ulinenepa, uzi haukunenepa. Ukazama kwenye ngozi, akawa anachechemea. Mnunuzi aliwachukua wenzake, yeye akamrudisha: "Huyu nimnunue nimpeleke hospitali?" Akabaki nyuma ya pipa la maji, na aliyempelekea punje ni Kimya. Siku moja alinijia amemkumbatia.

"Dada, una mkasi mdogo?"

Nikaukata uzi taratibu, tukapaka mafuta. Nikamuuliza, "Rafiki yako huyu ni jogoo au jike?"

Akamtazama kifaranga kwa muda mrefu. "Bado," akasema.

Ndugu zangu, lile halikuwa jibu la mtoto asiyejua. Lilikuwa jibu la mtoto anayengoja aone.

Miezi ikaenda. Kuku wa kijivu akapona, akajaa. Kinyozi akipita pale kwenye pipa hucheka: "Jogoo gani huyu hata kuwika hajui? Kamfuata mwenyewe, Kimya."

Asubuhi ya safari ilifika. Begi la Kimya lilikuwa mlangoni, mama yake amegeukia ukuta. Mama Mkaa alikuwa uani akishusha gunia la mkaa. Mtoto akaenda nyuma ya pipa kumuaga kuku wake, akakawia. Alirudi ameshika pindo la gauni kwa mikono miwili.

"Baba," alisema, "sasa tayari. Ni jike."

Ndani ya pindo mlikuwa na yai, dogo, la rangi ya maziwa.

Mama Mkaa aliacha gunia akatoka mbio kuutangazia mtaa. Kufika saa sita, wateja walikuwa wamejaa kwenye kibanda cha kinyozi, na wengi hawakuja kunyoa. "Jicho, kabla hujaanza, hebu niangalie miguu. Mimi ni jogoo?" "Huyo usimning'inize, ana watoto sita." Wakacheka mpaka benchi likalia. Kinyozi hakucheka. Alifunga mapema, akarudi uani, akachuchumaa, akakata uzi mmoja mmoja kwenye miguu ya vifaranga wapya. Alipomaliza akalitazama begi. Akalibeba, akalirudisha ndani.

Kisha akamshika Kimya mkono wakaenda kibandani. Niliwafuata, maana nilikuwa na shuka za kunyolea nilizopinda. Akaweka ubao juu ya mikono ya kiti, akampandisha mtoto, akamfunga shuka mpya, akamkata nywele za shule: fupi pande zote, polepole kama anayemnyoa bwana harusi. Akampa kioo.

"Umependeza?"

Kimya akajitazama kushoto, akajitazama kulia. "Bado."

Kinyozi akacheka, na safari hii hakuwa anamcheka. Akashika tena mkasi.

FUNZO

Bado si hapana. Ukitaka kumjua jogoo, ngoja upanga wa kichwani ukue na uwe mwekundu, ngoja mkia upinde, na hata hapo usiape. Wakati unangoja, walishe wote. Na ninyi mlio wazazi, jina mnalompa mtoto akiwa mdogo ni uzi mguuni: yeye anakua, uzi haukui. Unayemnyima kwa sababu umesema hawezi, hataweza, nawe utajisifu una jicho.

Kimya sasa yuko darasani. Hajawa wa kwanza, wala si wa mwisho. Mwalimu wa darasa akimuuliza kama ameelewa, akasema bado, mwalimu hurudia.

Jana Mama Mkaa alikuja kibandani na kapu la vifaranga.

"Jicho, niangalizie. Yupi jogoo, yupi jike? Nataka niuze mapema."

Kinyozi aliendelea kunoa wembe. Kimya alikuwa kwenye benchi na sare yake, miguu haifiki chini. Baba akamtazama binti, binti akamtazama baba. Vifaranga wakalia kapuni.

"Jamani, naongea na ukuta?" Mama Mkaa alisema. "Si mniambie?"