Chaza Aliyekosa Jirani

Maji yalipokupwa, Losaline alishuka mwambani na kikapu. Alirudi na konokono wa bahari wanne na ndala moja ya mguu wa kushoto.

"Bibi, leo tunakula nini?" aliuliza mjukuu wake Siale.

"Nyama ya kopo."

"Tena?"

"Basi utakula ndala."

Wajukuu watatu, bibi mmoja, na mwamba mtupu. Zamani, kisiwani Vava'u, chaza wakubwa walijaa mwambani, wapana kama mabeseni ya kufulia. Watu walikula, wakauza, wakala tena, mpaka wakawamaliza.

Miaka mitano nyuma, idara ya uvuvi ilileta kijijini chaza wazima kumi na wanne ili wazaliane. Wanaume waliwagawa kama wanavyogawa nguruwe wa sherehe: kila nyumba mmoja, asinung'unike mtu. Kila nyumba ikamlaza wake majini, mbele ya mlango wake. Haki ilitendeka. Lakini mtoto wa chaza hakuonekana hata mmoja, na wakubwa watano walikuwa wameshapitia vyunguni.

Siku hiyo Hingano, binti wa idara ya uvuvi, aliwakuta wanawake wakisuka mikeka.

"Mama zangu, wale chaza mmewaweka wapi?"

"Kila mtu na wake."

"Chaza anatembea?"

"Hapana."

"Ana mtumbwi?"

Wakacheka.

"Sasa watazaana vipi? Kwa barua?"

Akawaeleza polepole. Chaza mkubwa ni dume na ni jike, yote ndani ya ganda moja. Kwanza hutoa mbegu za kiume majini, kisha mayai. Mayai yanahitaji mbegu za mwenzake. Mwenzake akiwa mbali, bahari hutawanya kila kitu bure.

"Akiwa karibu, mmoja akianza, jirani hupata habari majini, naye huanza. Wapangeni duara, hatua moja moja. Watoto wataelea siku chache, halafu watashika mwamba."

"Dume na jike peke yake, na bado anataka jirani!" alisema Lesieli, mmoja wa wasukaji. "Mume wangu ni dume tupu, na habari za jirani hazimwishi."

Losaline hakucheka. Alikuwa akihesabu. Chaza tisa. Na mkubwa kuliko wote alikuwa wa mdogo wake, Paea.

Jioni wanaume walikaa kunywa kava, kinywaji chao cha mizizi, wakabishana.

"Duara likae kwangu."

"Kwako? Ili ule?"

"Basi kwa nani?"

Paea akafuta mdomo. "Wangu haendi popote. Jumapili anaingia kwenye tanuri la mawe. Wageni wa kanisa wanakuja."

Asubuhi Losaline alisimama uani kwa Paea. Kwa desturi yao, kaka na dada watu wazima hawasemezani uso kwa uso. Paea akabaki ndani, na Losaline akasema na Vika, binti wa Paea, kwa sauti ya kusikika ng'ambo.

"Vika, mwambie baba yako shangazi yako amekuja."

"Baba, shangazi—"

"Nimesikia."

"Mwambie namtaka yule chaza."

Nani kijijini hapo aliwahi kumnyima dada yake kitu? Dada akitaka mkeka, anabeba. Akitaka nguruwe, anaswaga.

"Vika, mwulize shangazi yako, wageni watakula nini?"

"Nguruwe. Nimemwona, amenona. Naye simchukui, ashukuru."

"Na hilo duara litakaa wapi?"

"Mbele ya nyumba hii hii."

Lesieli, aliyekuwa njiani akisikiliza, alishika kichwa. "Losaline! Unamkabidhi fisi bucha?"

"Ndiyo. Akipotea hata mmoja, tutauliza ni nani?"

Ndani ya nyumba mtu alikohoa sana.

Jumamosi, maji yalipokupwa, chaza wote tisa walibebwa. Hingano alipima kwa hatua. Wakakubaliana hivi: wa duara haliwi kamwe, na mtoto haguswi mpaka ganda lake lifike urefu wa kiwiko hadi kiganja kinapoanzia.

Paea alitazama, mdomo umevimba. Lakini mtu anayeshukiwa ana macho makali. Wiki ya pili tu alikuwa amenunua filimbi.

"Mchungaji!" alipaza sauti. "Piga kasia upande ule! Hata wewe!"

Mwaka wa kwanza, hakuna kitu. Mwaka wa pili watu wakaanza.

"Yule binti ametudanganya."

"Mwanao ulimbeba siku ngapi?" Losaline aliuliza. "Tulieni. Hakuna anayegusa."

Na hakuna aliyegusa.

Mwaka wa tatu Siale alipiga kelele mwambani. "Bibi! Kuna mdomo wa buluu hapa, umejifumba!"

Losaline aliinama. Chaza wa ukubwa wa kiganja, ameshika mwamba kama kupe. Hatua mbili mbele, mwingine. Kufika mchana walikuwa wamehesabu thelathini, wakaacha kuhesabu.

Walingoja tena miaka minne. Siku ya kwanza ya kuvuna, wajukuu walikula mpaka wakalala palepale mkekani. Losaline akachagua chaza mmoja mnene, akamtuma Vika.

"Mpelekee baba yako. Mwambie huyu ni wa ile Jumapili yake."

Vika alirudi mbio, chaza bado mikononi.

"Baba anauliza, shangazi: amepimwa?"