Mabawa Aliyoyakunja Mwamvita

Kila asubuhi Fortunata alifagia uwanja, akachota maji bombani, akanywa uji akiwa amesimama, kisha akampitia Mwamvita nyumbani kwa shangazi yake, nyuma ya soko la Same. Walikuwa Darasa la Sita, na walikalia dawati moja tangu Darasa la Tatu. Wazazi wa Fortunata walitoka Vudee, mlimani, na baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Mwamvita alizaliwa Kigoma. Baba yake, mzee Majaliwa, alikata mkonge katika shamba moja la huko tambarare, na alimwacha binti yake kwa dada yake ili asome bila kukatizwa.

Mwaka huo Evance, mjomba wake Fortunata aliyefanya kazi bandarini Dar es Salaam, alikuja na zawadi aliyoipata kwa wauza mitumba. Lilikuwa boksi lililochanika pembe, na ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunda ndege ndogo, yenye upana wa kiganja kimoja na nusu. Ilikuwa mfano wa ndege ya kivita ya wanamaji, ya zama za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maelezo yalikuwa ya michoro tu, na maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma.

Fortunata aliipeleka shuleni, kwa Mwalimu Koleta wa stadi za kazi. Mwalimu aliwaeleza kwamba ndege za namna ile ziliruka na kutua juu ya meli, na kwa kuwa melini nafasi ni finyu, nyingi zilikunja mabawa kama kuku aliyelala. Hii ya kwenye boksi ilikuwa na mabawa yaliyonyooka, yasiyokunjika.

"Basi tuyakate," Mwamvita alisema.

Fortunata aliogopa. Plastiki ikishakatwa haiungiki tena kama ilivyokuwa. Lakini Mwamvita alikwisha kuona kazi nzima kichwani mwake. Kila siku baada ya vipindi walibaki kwenye chumba cha stadi, wakiiandaa kwa maonyesho ya ubunifu ya shule za wilaya. Fortunata alibandika kiwiliwili, akapaka rangi, akachora namba ubavuni kwa mkono usiotetemeka. Mwamvita alishika mabawa. Aliyakata kwa kipande cha msumeno wa chuma, akatoboa matundu kwa sindano iliyopashwa moto, akatengeneza bawaba kwa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Bawa la kwanza lilipasuka. Hakulitupa, aliyeyusha mabaki ya plastiki katika dawa ya kutolea rangi ya kucha, akaziba ufa kwa uji ule wa plastiki, akasubiri ukauke, akapiga msasa mpaka ufa usionekane. Ilimchukua wiki tatu. Siku mabawa yalipokunjika na kunyooka bila kukwama, hata Mwalimu Koleta aliyakunja mara nne kabla ya kuyaachia.

Wiki mbili kabla ya maonyesho, mzee Majaliwa aliumia mkono akipakia mkonge kwenye trekta. Mwamvita aliondoka kwenda kumpikia na kumfulia. Fomu ya maonyesho ilifika yeye hayupo. Ilikuwa na nafasi ya majina mawili. Fortunata aliandika jina moja.

Mwalimu Koleta alimwuliza kuhusu mwenzake.

"Mwamvita alikuwa anatazama tu, Mwalimu," alijibu mbele ya wenzake. "Kazi nimefanya mimi."

Mwalimu aliivuta fomu. Alikuwa na madarasa matatu ya kusimamia, na mara nyingi alikuwa amewaacha peke yao chumbani. Alitia sahihi.

Kwa nini alisema hivyo, Fortunata mwenyewe alijijibu mara nyingi na kila mara kwa namna nyingine. Ndege ni yake, aliletewa na mjomba wake. Mwamvita hayupo. Lakini sababu ya kweli aliijua: mshindi angepata nafasi moja tu ya kwenda Moshi wakati wa likizo, kujifunza katika karakana ya chuo cha ufundi.

Siku ya maonyesho majaji waliipita mitambo ya maji na majiko ya udongo, wakasimama mbele ya ndege. Jaji mmoja aliuliza nani alibuni bawaba zile. Fortunata akasema ni yeye. Akapewa cheti na barua ya nafasi ya Moshi, na watu wakampigia makofi.

Jumatatu, mstarini, mwalimu mkuu alisoma cheti kwa sauti: kazi ya Fortunata, peke yake. Mwamvita alikuwa amerudi jioni iliyotangulia. Alisimama mstari wa tatu, mikono ikiwa imekauka kwa sabuni ya kufulia, akapiga makofi pamoja na wengine.

Wakati wa mapumziko Fortunata alimfuata bombani akaanza kueleza habari za fomu na haraka ya siku zile. Mwamvita alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeambiwa nilikuwa natazama tu," alisema. Akafunga bomba, akaenda zake.

Hakumsema kwa mtu. Hakumwita mwongo. Aliomba tu kuhamishiwa dawati lingine. Asubuhi Fortunata alipompitia alikuta amekwisha kutangulia, na darasani akiulizwa jambo alimjibu kama anayemjibu mgeni. Wenzao walipomtaka Fortunata akunje mabawa waone, vidole vyake viliyashika kama kitu kilichookotwa.

Siku ya nane hakuweza tena. Alikwenda ofisini kwa Mwalimu Koleta, akaamkia, akasema yote bila kujitetea.

Mwalimu hakumgombeza. Alipiga simu kwa waandaaji palepale, Fortunata akiwa amesimama. Aliwaomba wampe Mwamvita nafasi ile, na akakiri kwamba naye alitia sahihi bila kuhakikisha. Jibu lilikuwa fupi. Fomu ilikuwa na taarifa ya uongo, hivyo kazi yote inafutwa, na nafasi inakwenda kwa mshindi wa pili, mwanafunzi wa Kihurio.

"Na Mwamvita hakusema uongo wowote," Fortunata alinong'ona.

"Hakusema," Mwalimu alijibu. "Lakini nafasi ameikosa."

Kesho yake Fortunata alisimama mbele ya shule nzima akasema kazi ya mabawa ilikuwa ya nani. Jioni alikwenda kwa shangazi yake Mwamvita, akiwa na ndege mkononi. Alimkuta Mwamvita akifunga nguo kwenye kanga. Mkono wa baba yake haungerudia kazi ya mkonge. Walikuwa wanarejea Kigoma mwisho wa wiki.

Fortunata aliomba msamaha. Mwamvita alisema amesamehe, kwa kuwa hakutaka kusafiri na kinyongo. "Lakini Moshi nilikuwa naiota tangu tulipoanza kukata," aliongeza. Aliipokea ndege, akakunja mabawa, akaiweka katikati ya nguo. Hakutabasamu.

Mwalimu Koleta aliandika barua ndefu kwa shule ya Kigoma, akaeleza kila hatua ya kazi ya mabawa na kuomba mtoto yule apewe nafasi ya kutumia mikono yake. Mwamvita alisafiri nayo.

Basi lilipokwisha kuondoka stendi, mwalimu na Fortunata walirudi shuleni kwa miguu. Fortunata aliuliza kama barua ile itasaidia.

"Huenda," Mwalimu alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kumnyima mwenzako jina la kazi yake ni wizi, hata kama hukutia kitu mfukoni. Umesema kweli, na ilihitaji moyo. Ila kweli iliyochelewa humsafisha aliyeisema. Aliyedhulumiwa haimrudishii kila kitu. Safari nyingine, ukishika kalamu, andika majina yote siku hiyohiyo."

"Nimeelewa, Mwalimu," Fortunata alisema. Na alikuwa ameelewa, kwa gharama iliyolipwa na mtu mwingine.