Pumzi ya Jiwe la Mirihi

Alikuwa amefika nusu ya ungo, anachambua maharage na kurusha vijiwe nje ya dirisha bila kutazama, binti yake mkubwa alipoingia na begi la shule bado mgongoni.

"Mama, baba amesimamishwa kazi."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Yuko nje anashusha makaratasi yake kwenye teksi."

Mtaa mzima unamwita binti huyu Wakili kwa ubishi wake, lakini leo hakuwa na la kubisha. Alieleza harakaharaka. Baba alikuwa anampiga mzee mmoja picha ya kifua. Akamwambia vuta pumzi, shikilia, usitikisike. Kisha akageukia kompyuta nyingine na kumsahau. Mzee wa watu akatii mpaka akaanguka.

Mama akaweka ungo chini. Yeye ni fundi cherehani, na kila mtu humwita Fundi, isipokuwa mumewe anayemwita kwa jina la mtoto wao wa mwisho. Mumewe alikuwa na miaka kumi na tisa ya kupiga eksirei hospitalini, na miezi minne ya kuugua mawe. Si mawe ya figo. Mawe ya sayari ya Mirihi. Huko kuna kigari kinachotembea peke yake kikipiga picha, na picha hizo yeyote mwenye mtandao anaziona. Watu wengine huona mchanga na mawe. Yeye, aliyezoea kutafuta ufa wa mfupa ndani ya kivuli, aliona visukuku, viumbe waliokufa zamani sana wakageuka mawe. Aliwaandikia wataalamu barua kumi na moja. Alijibiwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya kumshukuru tu.

"Kwenye hiyo kompyuta nyingine kulikuwa na nini?" Fundi alimwuliza alipoingia.

"Mbavu. Mama Kidole, safari hii ni mbavu kweli. Kumi na mbili kila upande."

"Na mzee?"

"Amezinduka, hana tatizo. Na mimi nilisema 'pumua', msinione mjinga. Mdomo huu ulisema. Ila nilikuwa nalitazama jiwe, na sauti haikumfikia mzee."

Alicheka peke yake. Kisha akafungua karatasi moja kubwa kama shuka la mtoto, yenye picha ya jiwe lile, na kuibandika ukutani sebuleni juu ya cherehani, kwa pini za mkewe, bila kuomba.

Kesho yake mchana Fundi alikuwa anakunja pindo la sketi alipoona karatasi ile inatuna katikati, taratibu, halafu inashuka. Dirisha lilikuwa limefungwa. Feni ilikuwa imezimwa. Alisimamisha cherehani ili asikilize, akasikia kitu kikivuta hewa kwa shida kama mtu anayenyonya maji ya mwisho kwenye kopo, na chumba kikaanza kunuka kama chuma kilicholala nje kwenye mvua.

"Panya," alijiambia, akaendelea na pindo. Sketi ilikuwa ya watu.

Jioni Kidole, mtoto wake wa mwisho, wa miaka sita, alianza kukohoa. Kidole hakuwahi kuugua kifua. Siku ya pili alikuwa amekaa kitandani akiwa ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na midomo imepauka. Zahanati walimpa dawa ya kuvuta, haikusaidia. Mama mkwe, ambaye watoto humwita Bibi, ndiye aliyegundua.

"Mwanangu, njoo usimame hapa mlangoni," alimnong'oneza Fundi. "Mtazame mtoto, halafu tazama lile karatasi la mume wako. Usiseme kitu."

Fundi alisimama. Karatasi ikatuna, kifua cha mtoto kikabonyea. Karatasi ikashuka, mtoto akapata hewa kidogo. Ikatuna tena, na safari hii ilikaa juu muda mrefu zaidi, na mtoto akashika shuka kwa mikono miwili.

Fundi hakupiga ukelele. Aliingia, akaibandua karatasi ile pini kwa pini, akaipeleka uani na kuichoma. Aliporudi alikuta mbavu ziko pale pale kwenye lipu, kumi na mbili kila upande, zimejichora kama ufa, na ukuta unapumua.

Bibi akampigia simu mtoa majini. Alikuja mwanamke mnene mwenye simu mbili, moja sikioni. Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi.

"Subiri kidogo, nitakupigia," aliiambia simu. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Baba, kazi yako nini?"

"Napiga eksirei."

"Basi hili si langu. Jini lililojipenyeza nalitoa. Hili limeruhusiwa. Lilikuwa limeshikilia pumzi kwenye jiwe lake tangu watu hawajakuwepo, mpaka mwenye kazi ya kuwaambia watu pumua akaliambia pumua. Sasa linapumua hewa ya nyumba hii, na linaanza na mdogo. Lizuie kwa maneno yako yale yale. Na baada ya hapo ufunge mdomo." Akaitoa simu ya pili mfukoni. "Haloo, niko njiani."

Alipotoka, mwanamume alibaki amekaa kwenye stuli ya cherehani.

"Nikilizuia litakuwa jiwe tena," alisema polepole. "Hamwelewi. Huu ni ushahidi kwamba kuna uhai nje ya dunia. Nimecheka nao wakinicheka pale kazini miezi minne. Nipeni siku moja nilete mtu na kamera."

"Siku moja," Fundi alisema.

"Moja tu."

"Baba Kidole, twende." Alimshika ukosi, ukosi alioushona mwenyewe, akamkokota mpaka kitandani. "Hesabu mbavu za huyu. Wewe si bingwa wa mbavu? Zinaonekana zote bila mashine yako. Huyu uhai wake hauna ushahidi? Umetafuta kitu kinachopumua mbinguni, na hiki ulichokizaa kinakata roho, wewe uko chumba cha pili unapiga stori. Ukitaka kamera kaite. Lakini ukirudi utanikuta nimebomoa ukuta huu kwa nyundo, na wewe nitakufundisha adabu kabla ya ukuta."

"Mwanangu," Bibi akamwambia mtoto wake, "mkeo akisema kwa sauti hiyo, mimi hata chumvi nisingeomba."

Kidole alimtazama baba yake.

Mwanamume akaenda akasimama mbele ya ukuta. Akanyoosha mgongo kama aliyevaa koti lake jeupe.

"Vuta pumzi," alisema.

Ukuta ukavuta, na hawakuwa wamejua ni kiasi gani kitu kile kilikuwa na njaa, kwa maana mapazia yaligeukia ndani na kujinasa kwenye lipu, na vipande vya nyuzi vikatambaa sakafuni kuelekea huko, na mlango ukajipiga, na Wakili akashika koo, na Bibi akakaa chini kama gunia, na Fundi akahisi hewa ikitolewa kifuani mwake kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo, wote, mpaka mwisho, huku masikio yakivuma na mtoto kule kitandani akiwa kimya kabisa.

"Shikilia," mwanamume alisema kwa pumzi aliyobakiwa nayo. "Usitikisike."

Ukuta ukasimama ukiwa umetuna.

Kutoka chumbani wakasikia Kidole anavuta hewa, ndefu, ikifuatiwa na kilio cha hasira. Mwanamume akatabasamu. Na kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akiwa ameridhika kwamba picha imetoka vizuri, akakutanisha midomo kuanza lile neno.

Kiganja cha Fundi kilimfika mdomoni kabla ya sauti. Alimbana hivyo kwa muda, macho kwa macho, mpaka mwanamume akaelewa alichotaka kufanya.

"Hilo neno halitasemwa hapa," Fundi alisema. "Si kwa utani, si usingizini. Ukitaka kulisema, hama."

Akaenda kupakua. Walikula jikoni, mlango wa sebule umefungwa. Alitazama sahani na nyuso: Bibi, Wakili, Kidole mwenye macho mekundu, mume wake, na yeye. Watano, wote wapo. Aliwaongezea mchuzi. Katikati ya chakula Bibi akapaliwa, akakohoa mpaka machozi, na mwanamume akanyanyuka akampigapiga mgongo na kufungua mdomo. Wote wanne wakaacha kula wakamtazama, mpaka akaufunga.

"Kaa," Fundi alisema. "Kinapoa."