Mtego wa Baba Syokau

Wazazi wenzangu wa Matiliku, na nyinyi mliotoka Wote na Matinyani, kaeni niwaambie jambo. Sitalipamba. Mimi naitwa Kasyoka, nimepakana ua na Jonah Kyule, na haya nitakayosema niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumamosi, msimu wa maembe. Boma la Jonah lilikuwa limefagiliwa, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa unachemka jikoni, kuku wanachakura karibu na ghala. Mkewe, Mbithe, alikuwa sokoni akiuza maembe. Jonah mwenyewe alikuwa ameketi barazani na wageni wa kanisa letu, waliokuja kumwomba awe mwenyekiti wa wazazi pale shuleni. Chai ilikuwa mezani. Mtu akipita barabarani angesema nyumba ile imebarikiwa.

Lakini nyumba ile ilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe uliingia kwa mlango wa Kiingereza. Ngojeni, msininukuu vibaya. Kiingereza hakina kosa. Zamani Jonah aliitwa kwenye usaili wa kazi nzuri, akaulizwa swali, ulimi ukagoma, waliokuwa wakingoja zamu yao wakamcheka. Akarudi akiapa kwamba mtoto wake hatachekwa hivyo. Kiapo kilikuwa kizuri. Shida ni namna alivyokitimiza.

Binti yake, Syokau, wa gredi ya nne, alikatazwa kusema neno la Kikamba au Kiswahili ndani ya boma. Akitaka hata maji ya kunywa, ni sentensi kamili ya Kiingereza. Jonah alimfundisha fimbo ikiwa mapajani. Nomino ya kwanza ni mtendaji, halafu kitendo, halafu nomino ya pili, ile inayotendwa.

"Mother milks the cow," mtoto anasema.

"Nani anakama?"

"Mother."

"Na nani anakamwa?"

"The cow."

Akikosea akapanga maneno vingine, ng'ombe akamkama mama, siku hiyo analala njaa. Na Syokau alielewa, jamani. Alijua nomino inakaa wapi kwenye sentensi na inafanya kazi gani, kuliko watoto wengi wa hapa kwetu. Hilo ndilo huniuma nikikumbuka.

Tena kulikuwa na mtego. Jonah alikuwa akimwita kwa Kikamba, kwa sauti tamu kabisa, "Syokau mwanangu, umechoka? Kuja nikupe embe." Mtoto akijisahau akajibu, "Ĩĩ, nau," yaani ndiyo baba, anachapwa. Na Jonah hakuona haya kujisifu. "Namtega kama kanga," aliniambia. "Sasa ameshika. Hata nimbembeleze aje, hajibu."

"Baba Syokau, huyo ni mtoto, si kanga," nikamwambia.

"Mama, samaki mkunje angali mbichi."

Mbithe alikuwa akizungumza na bintiye Kikamba huko shambani tu, mbali na boma, wakinong'ona kama watu wanaoiba. Mama na mtoto wake.

Basi, turudi kwa ile Jumamosi. Nilikuwa nimeenda kurudisha sufuria. Nikamwona Syokau akitoka mbio nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya baba yake, pumzi juu juu.

"Daddy," akasema. "Nzau."

Nzau ni ndugu yake mdogo, alikuwa na miaka mitatu. Jonah akawatazama wageni akitabasamu.

"Nzau ni nomino," akasema. "Nomino peke yake si sentensi. Nzau anafanya nini? In English."

"Nzau... bottle."

"Haya, sasa tuko na nomino mbili. Nzau ndiye mtendaji, chupa ndiyo inayotendwa. Kitendo kiko wapi?"

Wageni wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu mwenyekiti wetu ni mwalimu kamili."

Syokau alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba ndugu yake ameanguka, anatoa povu, macho yamegeuka. Maneno hayo hakuwahi kufundishwa. Alifundishwa mama na ng'ombe. Hata neno la kunywa, ambalo alilijua vizuri, hofu ilikuwa imelimeza. Machozi yakaanza kumtoka, akageuza shingo kutazama nyuma ya nyumba.

"Usilie," Jonah akamwambia. "Anza tena. Mtendaji, kitendo, kitu."

Mimi niliweka sufuria chini nikaenda kule alikotazama. Nzau alikuwa amelala ubavu mlangoni mwa stoo, povu limefika shingoni. Kando yake kulikuwa na chupa mbili za soda, zote wazi, zote zimemwagika nusu. Moja ilikuwa na sumu ya kunyunyizia maembe kwa ajili ya nzi wa matunda. Nyingine ilikuwa na dawa ya kupe ya ng'ombe. Jonah mwenyewe ndiye aliyezitia humo. Nikapiga nduru.

Mgeni mmoja alikuwa na pikapu, akatukimbiza Wote. Mimi nilimpakata Nzau. Jonah alishika zile chupa mbili. Syokau alijikunyata kwenye kona akimwangalia ndugu yake.

Hospitalini tulipokewa na daktari, msichana mdogo tu, lakini mwenye haraka. Alimfunua Nzau macho, akasikiliza kifua.

"Amekunywa nini?"

"Moja ya hizi," Jonah akasema.

"Gani?"

"Sijui."

"Mzee, nisikize. Dalili za sumu hizi mbili zinafanana, matibabu hayafanani. Nikimtibu kwa hii na alikunywa ile, naweza kummaliza. Nani alimwona akinywa?"

Sote tukamtazama Syokau.

Jonah akachuchumaa mbele yake. Akamwambia kwa Kikamba, taratibu, "Syokau mwanangu, niambie. Ni chupa gani?"

Ilikuwa sauti ile ile. Ile tamu. Mtoto akamtazama, akabana midomo.

"Sikuchapi. Sema na Kikamba. Sema vile unataka, mama yangu."

Hakujibu. Angejibuje? Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akiambiwa siku za mtego. Jonah akapiga magoti kwenye sakafu, akalia mbele ya watu, akamshika mtoto mabega akimsihi kwa jina la Mungu. Kadiri alivyolia ndivyo Syokau alivyojibana ukutani. Alikuwa ameshika, kama baba yake alivyojisifu. Kitandani Nzau alikuwa anakoroma, ananyamaza, kisha anakoroma tena, na kila akinyamaza mimi nilifikiri tumemkosa.

Nikamgusa Jonah bega. "Baba Syokau, toka nje."

"Mimi ni baba yake."

"Ndiyo maana. Toka."

Akatoka kama mtu asiyejua anakokwenda. Mlango ukafungwa. Nikaketi chini karibu na Syokau, nikamwambia kwa Kikamba, "Baba hayuko. Hasikii." Yeye akainama akatazama chini ya mlango. Viatu vya Jonah vilikuwa vinaonekana pale kwenye mwanya. Nikamwomba daktari aende amwondoe kabisa. Tukaona viatu vinasogea, kisha havipo.

Hapo ndipo mtoto akanyoosha kidole. Akaninong'oneza sikioni, kwa Kikamba, "Ni ile ya kupe. Nilimnyang'anya, lakini alikuwa ameshakunywa."

Nzau hakufa. Mshukuruni Mungu pamoja nami, lakini msishangilie. Alikaa hospitalini muda mrefu, na pumzi iliyokatika ilikwenda na kitu chake. Leo anatembea akipepesuka, na ukimwita anakawia kugeuka. Daktari alituambia angekuwa afadhali kama angefikishwa mapema, na alichokunywa kikajulikana mapema. Jonah alikuwa amesimama pale pale akisikia.

Fimbo aliichoma. Uenyekiti aliukataa. Sasa boma lake zima linaongea Kikamba, na Syokau anaongea pia, na mama yake, na mimi, na ndugu yake. Baba akitokea tu, Kikamba chake kinakatika. Kila jioni Jonah anarudi kutoka shambani, anakaa kwenye kigoda, anamuuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, "Syokau, umekula?"

Mtoto anasimama wima, anaweka mikono nyuma.

"Yes, Daddy. I have eaten the food."

Sentensi kamili. Mtendaji mbele, kitendo katikati, chakula mwisho. Hakuna kosa hata moja. Mimi huisikia nikiwa upande wangu wa ua, halafu husikia mwanamume mzima akilia.

Funzo la kisa hiki

Wafundisheni watoto wenu Kiingereza. Wajue nomino, wajue kitendo, wajue kupanga sentensi, maana elimu si adui wa mtu. Lakini lugha ya kukimbilia kwa mzazi wakati wa shida, hiyo mtoto asinyang'anywe. Mtoto akija mbio anahema, kwanza mfuate aliko tatizo, sarufi itangoja. Na usimtege mtoto kwa upole, kwa sababu siku utakapokuwa mpole kwa kweli hatakuamini, na hutakuwa na sauti nyingine ya kumwitia. Jonah anayo moja tu, na aliiharibu mwenyewe.

Na tafadhali, dawa ya kupe haiwekwi kwenye chupa ya soda. Hilo nalo nimelisema kwa Kiswahili, kila mtu amelisikia.